Mutoto akisema anataka uuguzi, tumujibu nini?

Maneno tuliyotoa katika mukutano wa wanamemba, Baraka



Mama mumoja aliyerudi kutoka Nyarugusu alitujia na swali. Binti yake anataka kusomea uuguzi. Auze shamba amulipie? Ao ile kazi haina faida? Hatukumujibu palepale. Tunamujibu leo mbele ya wote, sababu swali ni la wengi.

Tuanze na ukweli. Diplome si mushahara. Wauguzi wengi huku kwetu wanatumika miaka na miaka bila kulipwa na Leta. Wanagawana kile kidogo wagonjwa wanalipa. Mwezi wagonjwa hawana kitu, muuguzi naye hana kitu. Tukipita kwenye vituo vya afya tunawakuta wamechoka: usiku kuzalisha, asubuhi kupima watoto, kisha ripoti ya zoni ya afya.

Lakini kuna upande mwingine. Kipindupindu kinarudi-rudi huku Fizi na Uvira. Kikianza, munganga mukubwa iko mbali. Wa kwanza kumutundikia mugonjwa serumu ni muuguzi. Kwenye vituo vingi vya vijijini, titulere mwenyewe ni muuguzi. Ile kazi iko na maana, na watu wanaihitaji kila siku.

Basi shauri letu: binti asome, lakini kwa hesabu. Kama hajamaliza sekondari, ITM inatoa A2. Kama ana diplome ya Leta, kuna ISTM. Mbele ya kumuandikisha, mujue kama shule inatambuliwa na Leta. Tena aende kwanza kituoni siku chache, aone damu, asikie vilio. Akirudi nyumbani na angali anataka, anataka kweli.

Mama, shamba usiliuze. Ile miezi bila mushahara, shamba ndilo litamulisha muuguzi wako. Minervali tuikope kwenye kasha yetu, turudishe pole pole.

Na ninyi wafadhili, tunawaomba jambo moja: mukimushika mutoto, mumushike mpaka mwisho, si mwaka moja tu. Anayeachwa katikati ya masomo anarudi kwetu na deni, bila diplome.