Mkojo Wako Unasema Nini?

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mkokotoni



Leo tunazungumzia mkojo. Naona mnacheka. Chekeni, kisha tusikilizane, maana aibu hii ndiyo inayowanyamazisha wengi mpaka ugonjwa unafika kwenye figo.

Huku kwetu Kaskazini Unguja yapo magonjwa mawili yanayochanganywa. Wa kwanza ni maambukizi ya njia ya mkojo, yale mnayoyaita UTI. Wa pili ni kichocho. Yote mawili yaweza kuleta maumivu wakati wa kukojoa, na damu pia. Lakini dawa zake ni mbalimbali. Ukitibu mmoja kwa dawa ya mwingine, hutapona.

UTI huletwa na bakteria, mara nyingi wale wanaoishi matumboni mwetu. Dalili zake: mkojo unachoma, unabanwa kila mara na kinachotoka ni kidogo, chini ya kitovu panauma, mkojo una ukungu au unanuka sana. Ukiona na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni kwa nyuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wasichana huugua zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi, kiasi cha sentimita 4. Hata asiyewahi kukutana na mwanamume huipata. Basi tusinyoosheane vidole. Na ukiambiwa utoe mkojo, usikimbie ukidhani ni lazima unapimwa mimba. Uliza: "Mnapima nini?" Ni haki yako.

Kichocho ni minyoo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji matamu, vikapenya ngozi unapooga au kufua. Baharini hapa Mkokotoni hakuna kichocho. Kipo kwenye mito na madimbwi, kama upande wa Kinyasini na Chaani, ambako kimejulikana kwa miaka mingi. Kuanzia 2012 hadi 2017 Zanzibar ilipigana nacho kwa nguvu, dawa ya prazikwanteli ikigawiwa maskulini na majumbani. Kilipungua sana, lakini hakikwisha. Dawa ile huua minyoo. Haikuzuii kuambukizwa tena. Na mvulana akikojoa damu, asiambiwe kuwa ndiyo anabaleghe. Apimwe.

Sasa tusome karatasi ya majibu.

Lukosaiti ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Zikiwa nyingi, huenda pana vita. Naitraiti ikionekana, yaelekea bakteria wapo. Isipoonekana, usiseme umepona, kwani si bakteria wote wanaoitengeneza.

Chembe za usaha 2 au 3 kwenye hadubini, nawe huna dalili yoyote, si ugonjwa. Wengi humeza antibayotiki kwa ajili ya namba hiyo tu. Mwisho wake bakteria huizoea dawa, na siku unayoihitaji haikusaidii.

Damu yaweza kuwa ya kichocho, ya UTI au ya hedhi. Kama uko katika siku zako, mwambie mpimaji. Yakionekana mayai yenye mwiba mdogo nchani, hicho ni kichocho. Mayai hayo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndiyo maana mnaambiwa mtoe mkojo saa hizo.

Unapotoa mkojo wa kupima UTI, mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati, kwenye chombo safi. Chombo kichafu huleta majibu ya uongo.

Kunyweni maji. Msibane mkojo kutwa kwa kuchukia choo cha skuli. Semeni na walimu choo kisafishwe. Wasichana, chambeni kuanzia mbele kwenda nyuma. Na usile vidonge alivyobakisha rafiki yako: ugonjwa wake huenda si wako.

Ukiwa na dalili, nenda kituo cha afya au Hospitali ya Kivunge, pima, kisha uulize majibu yana maana gani.

Haya, maswali.