Mahali pa Baiskeli katika Jengo Letu Jipya

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Walionitangulia wamekwisha kunena habari za mazao na bei. Mimi nimepewa nafasi ya kunena juu ya jengo jipya la ofisi na ghala, ambalo mkutano mkuu umekubali lijengwe. Ramani yake imebandikwa ukutani, na kila mwanachama aweza kuitazama. Humo mna mahali pa magari sita, na uwanja wa malori kugeukia. Mahali pa baiskeli hapamo. Naomba jambo hili litengenezwe kabla msingi haujachimbwa.

Yafaa tujiulize ni akina nani watakaolitumia jengo hili. Siku ya kupima mazao na siku ya malipo, wengi wetu twaja kwa baiskeli, na gunia li juu ya keria. Tukifika twaziegemeza ukutani, moja juu ya nyingine, hata njia ya wachukuzi ikazibwa. Msimu uliopita mwanachama mmoja aliingia kupima mzigo wake. Alipotoka hakuiona baiskeli yake. Tangu siku hiyo hubeba mazao yake kichwani, au humlipa mwenye pikipiki, na fedha hiyo hutoka katika jasho lake.

Wale wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844 kikawa mfano kwa vyama vingi vya ushirika duniani, walishika kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja. Kanuni hiyo haiishii katika kupiga kura. Ikiwa kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha ya wote kitagawiwa wenye magari peke yao, tutakuwa tumewapa wachache kura ya pili.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi natoa hesabu. Baiskeli ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1.8, na usukani wake una upana wa sentimita 60 hivi. Gari moja hupewa nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5. Katika nafasi hiyo hiyo zaweza kusimama baiskeli 8 hata 10. Kwa hiyo, tukitoa nafasi mbili katika zile sita, tutapata mahali pa baiskeli 16 hata 20, na magari manne yatabaki na nafasi zao.

Tena si kila namna ya kuegesha inafaa. Wengine hujenga mifereji ya saruji ya kushika gurudumu la mbele. Hiyo ni rahisi kujenga, lakini baiskeli yenye mzigo ikiyumba, gurudumu hupinda. Na mwizi huliacha gurudumu lililofungwa akaenda na fremu. Iliyo bora ni bomba la chuma lililokunjwa mfano wa mlango mdogo, kimo chake sentimita 75 hivi, miguu yake miwili imezikwa katika saruji. Baiskeli huegemea bomba hilo kwa fremu, na mnyororo hufunga fremu na gurudumu pamoja. Bomba moja hutosha baiskeli mbili, moja kila upande. Kati ya bomba na bomba iwe mita 1. Na kwa kuwa zetu hubeba magunia, mita 1.2 ni afadhali.

Mahali penyewe pawe karibu na mlango wa mizani, mbele ya macho ya karani na mlinzi. Tukipaweka nyuma ya ghala, watu watarudi ukutani, na mwizi atapata maficho. Njia ya baiskeli isikatize pale malori yanaporudi nyuma. Watumishi wanaoshinda kazini kutwa wapewe sehemu yenye paa la mabati na taa. Pikipiki nazo ziwe na mahali pao mbali kidogo, maana ni nzito, na zikianguka huvunja baiskeli.

Mtu asidhani kuwa haya ni mambo ya maskini. Uholanzi ni nchi tajiri, na katika mji wa Utrecht, mwaka 2019, walikamilisha maegesho chini ya stesheni ya reli yenye nafasi za baiskeli zipatazo 12,500. Waliona kuwa jengo lisilopanga mahali pa baiskeli hujazwa nazo vivyo hivyo, ila kwa fujo.

Basi naiomba Halmashauri mambo matatu. Kwanza, karani wa mizani azihesabu baiskeli siku ya malipo, wala si siku ya kawaida, na hesabu hiyo isomwe mbele ya wanachama. Pili, fundi aongeze katika ramani nafasi zitakazotosha hesabu hiyo, pamoja na kipande cha ardhi cha kuongezea baadaye. Tatu, gharama ya mabomba na saruji iingizwe katika makisio ya jengo, isingojee michango ya hiari. Kuchora mstari katika ramani leo ni kazi ya kalamu. Kuvunja sakafu baadaye ni kazi ya sururu, na sururu hiyo tutailipia sisi sote.