Kipindupindu: Hewa au Maji?



Jioni hii nataka kuwaeleza jinsi asili ya kipindupindu ilivyotafutwa katika mji wa London.

Zamani hizo matabibu wengi wa Uingereza waliamini kwamba ugonjwa huu huletwa na hewa mbaya, yaani uvundo wa taka. Bwana William Farr, mwenye kazi ya hesabu za vifo, alilinganisha vifo vya mwaka 1849 na mwinuko wa mahali, akaona kwamba watu wa bondeni karibu na mto Thames walikufa zaidi kuliko watu wa juu. Hesabu yake ilikuwa sahihi, nayo ilipatana na dhana ya hewa. Lakini wengi wa watu wale hawakuvuta hewa ya mto tu, walikunywa na maji yake pia. Mambo mawili yakifuatana pamoja, utajuaje lipi ndilo lenye kuua?

Daktari John Snow alishuku maji. Basi akatafuta mahali penye hewa moja na maji mbalimbali, akapaona kusini ya mto. Huko kampuni mbili ziliuza maji katika njia zile zile, nyumba hii kampuni hii, nyumba ya jirani kampuni ile, kwa matajiri na maskini sawasawa. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilichota maji pale mjini, penye uchafu wa vyoo. Kampuni ya Lambeth, tangu mwaka 1852, ilichota juu ya mto, uchafu usikofika.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliporudi, Snow na msaidizi wake walikwenda katika nyumba za wafiwa kuuliza maji yao yalitoka kwa nani. Katika majuma 7 ya kwanza, katika kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall walikufa watu 315. Katika nyumba 10,000 za Lambeth, 37.

Hata hivyo wengi hawakusadiki upesi. Snow alifariki mwaka 1858. Mwaka 1866 ugonjwa uliporudi London, Farr mwenyewe alichunguza maji, akakubali.

Basi, wasikilizaji wangu, mkiambiwa kwamba jambo fulani ndilo lililoleta maradhi, msiulize habari za waliougua tu. Ulizeni na habari za waliosalimika: je, waliishi kama wenzao katika mambo yote, isipokuwa hilo moja?