Dagaa Katika Chungu cha Mkulima

Maneno yaliyosemwa na Katibu wa Chama mbele ya wanachama, Nyahanga, katika sikukuu ya kutimiza miaka kumi



Bila shaka wengi wenu mwatazamia kusikia kwetu habari za pamba, mpunga na hesabu za mwaka. Hesabu hizo atazisoma Mtunza Hazina. Sisi twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya jikoni, kwa kuwa mkulima auzaye mazao mema na kurudi nyumbani kula chakula hafifu hajapata faida iliyo kamili.

Miongoni mwetu wamo waliosafiri mpaka pwani kwa shughuli za ushirika, nao husimulia habari za kamba-koche, yule kamba mkubwa mwenye gamba gumu, ambaye huchemshwa au kuchomwa juu ya makaa kisha akatiwa ndimu. Ni kitoweo kizuri, walakini hutoka Bahari ya Hindi, na bei yake ni ya hotelini. Sisi watu wa Nyahanga tumejaliwa Ziwa Victoria, na kitoweo cha ziwa hilo kinachofika sokoni Kahama kwa wingi ni dagaa. Huyu twamdharau. Mgeni akija twaona haya kumwandalia, nasi twamwita chakula cha shida.

Dharau hiyo ina sababu, na sababu moja yatuhusu sisi viongozi. Twakumbuka mkutano mkuu mmoja wa Chama, ambapo tulinunua magunia mawili ya dagaa kwa ajili ya chakula cha wajumbe. Tuliyachagua kwa kuwa bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mengine. Wajumbe walipoanza kula, mchanga ulilia menoni, na sahani nyingi zikarudi zimejaa. Lawama zote ziliwaangukia akina mama waliopika tangu alfajiri, nasi tulikaa kimya. Leo twasema wazi mbele ya mkutano huu: kosa halikuwa la wapishi. Sisi tulionunua hatukufungua gunia hata moja kutazama ndani. Mama zetu, twawaomba radhi.

Ndugu wanachama, wazee wa nchi hii wasingefanya hivyo. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walipoona wanapunjwa katika mizani, waliungana na kusimama wenyewe penye mizani, na kwa juhudi za watu kama Bwana Paul Bomani vyama vyao vikakusanyika mwaka 1955 katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Ushirika wetu ulianza kwa jicho la kukagua. Basi jicho lile tulitumialo kukagua pamba tunapouza, hapana budi tulitumie pia tunaponunua chakula.

Yafaa kwanza tumjue dagaa mwenyewe. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta karibu na nyavu. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hupungua sokoni. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka. Dagaa alistahimili, na leo ni mmoja wa samaki wavuliwao kwa wingi mno katika ziwa hilo. Hata hivyo sehemu kubwa ya dagaa hao husagwa kuwa chakula cha kuku, na hasa wale walioanikwa vibaya.

Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo mlaji hupata protini, madini ya chokaa yajengayo mifupa na meno, na madini ya chuma yaongezayo damu. Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado asikue, ikiwa ugali huo hauna kitoweo cha maana.

Sasa tueleze namna ya kununua. Usiridhike na dagaa walio juu ya gunia. Ingiza mkono mpaka chini utoe konzi moja. Dagaa wazuri hung'aa kama fedha, ni wakavu, na ukiwakunja huvunjika. Walio laini, wenye ukungu au harufu ya mafuta yaliyochacha, waache. Kisha wakung'ute juu ya kitambaa cheupe. Mchanga ukionekana, jua kwamba walianikwa chini ufukweni. Walioanikwa juu ya chanja huwa safi zaidi. Wakati wa masika kagua kwa bidii zaidi, maana jua likikosekana dagaa hawakauki vema.

Pili ni kuosha, na hapa ndipo wengi hukosea. Chambua takataka, uwaloweke dagaa kwa muda mfupi katika maji ya vuguvugu, uwasugue polepole kwa vidole. Usimwage maji pamoja na dagaa, kwa kuwa mchanga uliotuama utawarudia. Watoe kwa mikono na kuwatia katika beseni jingine lenye maji safi, ukiacha mchanga chini. Rudia mpaka uone chini ya beseni hapana kitu. Kisha watandaze juani juu ya ungo mpaka maji yakauke.

Namna ya kwanza ya kupika ni kukaanga. Pasha mafuta ya alizeti au ya pamba, utie dagaa kidogo kidogo, uwageuze mpaka wabadilike rangi na kuwa wakavu, kisha uwaopoe. Katika mafuta machache yaliyobaki kaanga kitunguu, utie nyanya na chumvi. Zikiiva, rudisha dagaa, koroga mara moja na kuepua. Kamua ndimu juu yake. Dagaa wakikaa sana ndani ya mchuzi huvurugika na ladha yao hupotea.

Namna ya pili ni ya karanga, nayo ni ya kwetu. Kaanga karanga, uzitwange mpaka zilainike, uzikoroge kwa maji ya vuguvugu. Chemsha nsansa, yaani majani makavu ya kunde, mpaka yalainike. Mimina karanga, koroga bila kuacha, kisha tia dagaa waliokwisha kukaushwa kwenye kikaango bila mafuta. Acha juu ya moto mdogo mpaka mchuzi uwe mzito. Kwa ugali wa mtama, chakula hiki chatosha kumkaribisha mgeni yeyote.

Namna ya tatu ni ya watoto waliotimiza miezi sita na kuendelea. Dagaa walio safi kabisa wakaushe vizuri kikaangoni, uwatwange, uuchekeche unga wake kwa chekecheo laini usibaki mwiba. Uji ukianza kuchemka tia kijiko kimoja na uuache uive pamoja nao. Ukiongeza karanga zilizosagwa laini, harufu hupungua na mtoto hunywa kwa furaha. Twanga kiasi kidogo kwa wakati, ukihifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Twamaliza kwa ombi. Mwanachama mmoja anunuaye kopo moja hana nguvu ya kumwambia mchuuzi afungue gunia. Wanachama mia wanunuao pamoja wanayo. Twapendekeza kila chama cha msingi kichague watu watatu, na wawili kati yao wawe akina mama wapikao, wawe ndio wakaguzi wa chakula kinunuliwacho kwa jina la Chama. Wakisema gunia halifai, neno lao liwe la mwisho, hata kama Katibu ameipenda bei.

Leo mchana mtaandaliwa dagaa wa karanga. Jana magunia yalifunguliwa hapa uani, mbele ya wapishi, na moja walilikataa. Tulilirudisha kwa mchuuzi bila ubishi. Kuleni kwa amani, na mkiona mchanga, msiwatazame wapishi, tutazameni sisi.

Mungu akibariki Chama chetu, na aijaalie miaka kumi ijayo iwe ya mavuno mashambani na ya afya nyumbani.