Jina Likae na Kazi: Kuunda Programu ya Simu ya Kuwaunganisha Wasanii Chipukizi wa Usambara na Wakusanyaji wa Sanaa



Nimeombwa nieleze namna ya kuunda programu itakayomkutanisha msanii chipukizi wa milima yetu ya Usambara na mkusanyaji wa sanaa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Hamburg. Programu za aina hii huanza na duka: picha, bei, na kitufe cha kununulia. Naomba tuanze na daftari linaloandika nani alifanya kazi gani na lini. Mwenye kutafuta chungu cha kupikia maharage hukipata sokoni Lushoto siku ya gulio. Mkusanyaji anatafuta kazi ya mtu fulani, iliyofanywa wakati fulani, na anataka hata miaka ishirini ijayo mtu mwingine akubali kuwa ndivyo ilivyokuwa. Asipopata uhakika huo atalipa bei ya kikumbusho, na atakuwa na haki ya kufanya hivyo.

Nchi yetu inalo somo chungu katika jambo hili. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipita mkoa wetu wa Tanga akifanya kazi katika mashamba ya mkonge kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya ubao kwa rangi za kung'aa, na picha zake zikawa zinauzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, wanunuzi wengi wakiwa wageni. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kimakosa, akafariki. Miaka minne tu ya kuchora! Leo jina lake ni jina la mtindo mzima unaolisha familia nyingi, na hilo ni jema. Lakini kutambua picha ipi aliichora kwa mkono wake mwenyewe ni kazi ngumu. Aliweka sahihi, na sahihi huigwa. Hapakuwa na mtu aliyeandika, siku picha inatoka mkononi mwake, kwamba hii ina twiga wawili, ina upana huu, imeuzwa kwa fulani.

Tukirudi nyuma zaidi, hali ni mbaya kuliko hiyo. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, vitu vya mikono ya watu wa nchi hii vilisafirishwa kwa wingi hadi makumbusho ya Ujerumani. Kwa kawaida daftari la makumbusho lilihifadhi jina la aliyekikusanya kitu. Aliyekitengeneza aliandikwa kwa jina la kabila lake, basi. Hatutaki programu ya mwaka huu irudie daftari lile kwa kuandika "chungu cha Kisambaa" pale panapostahili jina la mama aliyekifinyanga.

Sasa tuangalie chungu kimoja kwa karibu. Mama amechimba udongo, ameuponda na kuuloweka, amekifinyanga chungu kwa mikono bila gurudumu, amekilainisha na kukiacha kivulini. Hapo, kabla hakijakauka, ndipo usajili uanze: aweke alama yake kwenye kitako, alama aliyoichagua mwenyewe na isiyobadilika. Kijana wa kijijini atakayepewa kazi ya usajili apige picha ya kitako hicho. Baada ya kuchomwa, apige tena kibarazani, asubuhi, bila mwanga wa simu, rula ikiwa pembeni. Picha ya pili itaonyesha madoa meusi ubavuni, pale ndimi za moto wa wazi zilipogusa. Mnunuzi asiyejua atadhani ni kasoro na kuomba punguzo. Kwa hiyo mama aeleze mwenyewe, kwa sauti, kwa Kisambaa akipenda, udongo ulitoka bonde gani na moto ulikuwaje. Sauti hiyo ikae pamoja na picha, tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini. Kwangu mimi, nusu ya thamani ya kazi hii imo katika maelezo hayo.

Vijana mnaounda programu, mkumbuke kwamba mama huyu huenda ana kitochi. Msajili atakuwa na simu janja, na mtandao mabondeni hukatika, hivyo programu ifanye kazi bila intaneti na kupakia picha atakapofika penye mnara. Bei aipange mfinyanzi. Apokee ujumbe mfupi, ajibu ndiyo au hapana, na kazi isionekane kwa mnunuzi kabla hajajibu. Ujira wa msajili utoke kwa mnunuzi, uandikwe waziwazi, la sivyo tutakuwa tumemzaa dalali mpya.

Kuhusu malipo, pesa za simu tunazo tangu mwaka 2008, wala hatuna haja ya kubuni njia nyingine. Ugumu uko kwenye laini. Mara nyingi laini anayotumia mama imesajiliwa kwa jina la mume au la mtoto. Kabla ya kuuza chochote, asaidiwe kupata laini yenye jina lake. Fedha ya mnunuzi izuiliwe hadi mzigo ufike salama, ila tusiishike sisi: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka mtoa huduma za malipo awe na leseni ya Benki Kuu. Tuingie mkataba na mwenye leseni.

Usafiri tayari upo. Chungu hufungwa kwa majani makavu ya migomba, hushuka Soni hadi Mombo, na basi hukifikisha Dar es Salaam kwa risiti. Kikivunjika, hasara isiangukie mfinyanzi. Vyungu vya kale vya kurithi programu ivikatae, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ina masharti yake.

Kwa wachoraji na wachongaji vijana nina neno moja. Sungi Mlengeya, Mtanzania aliyejifunza kuchora mwenyewe na kuacha kazi ya benki mwaka 2018, amewafikia wakusanyaji wa mbali akishirikiana na Afriart Gallery ya Kampala. Nyuma ya msanii wa namna hiyo huwa kuna watu wanaoandika kila kazi: kipimo, mwaka, ilipoonyeshwa. Kijana wa Mlalo au Mtae hana watu hao, na hiyo ndiyo kazi ninayotaka programu imfanyie.

Limebaki swali la nani atunze daftari. Kampuni za programu hufa, na zikifa huondoka na kumbukumbu zake. Napendekeza kila kazi ipate cheti cha karatasi chenye picha ya kazi na ya alama ya msanii, nakala moja kwa msanii, moja kwa mnunuzi, na nyingine ofisi ya utamaduni ya wilaya, kwa ridhaa ya msanii kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tuanze na kijiji kimoja. Msimu wa kwanza tusajili tu, tusiuze kitu, na akina mama wakague kila ukurasa kabla mnunuzi wa kwanza hajafunguliwa mlango.