Kuhama kwa Hesabu

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Lupiro)

 

Nimeombwa niseme juu ya kazi na mji. Swali lenyewe ni hili: mtu akipata kazi bora katika mji mpya, aende au asiende? Vijana wa kidato cha nne wameniuliza swali hili mara nyingi, na mimi mwenyewe nimelazimika kulijibu mara mbili katika utumishi wangu. Mara ya kwanza, mwaka 2017, nilisema hapana. Mara ya pili, mwaka huu, nimesema ndiyo. Majibu yote mawili nayasimamia, na leo nitaeleza sababu zake.

Kwanza tukubaliane kwamba kuhama si jambo geni katika bonde hili. Mvua zikianza, familia nyingi za hapa hufunga mizigo na kwenda kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali. Huko hukaa kwenye madungu miezi kadhaa, wakilima, wakipalilia na kuamia ndege mpaka mavuno. Lakini angalieni wazee wetu wanavyofanya kabla ya kuondoka. Wanapanga nani abaki na watoto wa shule. Wanapima unga na mchele wa kuacha nyumbani. Wanachukua chandarua, kwa sababu dungu liko mbali na zahanati na mbu wa bondeni hawana huruma. Na wanajua watarudi lini. Hakuna mzee mwenye akili anayehamia shamba kwa sababu tu jirani yake amehama.

Basi, ninalotaka kusema leo ni hilo tu: kuhamia mjini kufanywe kwa hesabu ile ile ya kuhamia dunguni.

Mji ninaouzungumzia mimi ni Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi huko ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ustawishaji Makao Makuu, lile tulilolijua kwa jina la CDA. Miaka ikapita. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwezi Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa Serikali yote inahamia, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Majaliwa akatangulia. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 765,179.

Nawapeni tarehe hizi kwa makusudi. Serikali yenyewe, pamoja na nguvu zake zote, ilichukua zaidi ya miaka arobaini kutoka uamuzi hadi kuhama, kwa sababu mji hauwi mji kwa tangazo. Mji unataka maji, nyumba, barabara na shule za watoto. Ikiwa Serikali ilihitaji muda, mtumishi mwenye kitanda kimoja na magodoro mawili asione haya kuomba muda wa kufikiri.

Mwaka 2017 nilikuwa mtumishi katika halmashauri moja ya mkoa huu, nikishughulika na mipango, na makazi yangu yalikuwa Ifakara. Nikapata nafasi katika wizara moja. Wenzangu wengi waliona ni bahati. Nikakaa na mke wangu, ambaye ni mwalimu, tukachukua karatasi. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi minne. Baba yangu alikuwa mgonjwa, akihudhuria kliniki Ifakara kila wiki mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa hapa Lupiro na kumrudisha. Barabara ya Ifakara hadi Kidatu ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Nayo kazi yenyewe, nilipouliza vizuri, ilikuwa ile ile niliyokuwa nikiifanya, ila meza ingekuwa karibu zaidi na wakubwa. Nikaandika barua ya kushukuru, nikabaki. Baba alifariki mwaka 2019, nami nikiwa pembeni ya kitanda chake. Hakuna cheo ambacho ningekibadilisha na siku ile.

Sasa mwaka huu. Nafasi iliyokuja ni ya kusimamia mipango ya umwagiliaji, na makao yake ni Dodoma. Tulichukua karatasi tena, maana hesabu ya mwaka 2017 haiwezi kujibu swali la leo.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndilo jambo ambalo kila mtu huliuliza kwanza. Nyongeza ya mshahara, baada ya makato, ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba Dodoma ni 200,000. Mchele, samaki na mboga, ambavyo hapa navipata shambani na kwa ndugu, huko nitavinunua kwa 120,000 hivi. Nauli za kuja kuiona familia nimeziwekea 60,000. Jumla ni 380,000. Kinachobaki ni shilingi 40,000. Vijana, ziangalieni vizuri hizo 40,000. Mtu anayehama kwa ajili ya mshahara peke yake mara nyingi anahama kwa ajili ya kiasi kama hicho, na hajui, kwa sababu hakuchukua karatasi.

Tena kuna jambo ambalo watumishi wapya hawaambiwi. Mwajiri akikuhamisha, gharama za mizigo na za kujikimu ni zake. Ukiomba uhamisho mwenyewe, gharama ni zako. Kwa hiyo mke wangu akiomba kunifuata, lori la mizigo yake tutalilipa sisi. Hilo nalo tumelitia katika hesabu.

Pili ni kazi yenyewe, na hapa ndipo mizani ilipolala. Mto Kilombero unaupa Mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake, na chini huko maji hayo yanazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa litoe megawati 2,115. Mkulima wa Lupiro anayataka maji kwa mpunga wake, mfugaji anayataka kwa ng'ombe wake, mvuvi anayataka, na umeme unayataka. Nani apate kiasi gani, na mfereji upite wapi, mengi ya hayo huamuliwa katika vikao vya Dodoma. Katika vikao hivyo anafaa awepo mtu aliyewahi kusimama ndani ya jaruba maji yakimfika magotini. Kazi ile siwezi kuifanya nikiwa Ifakara. Hiyo ndiyo sababu ya ndiyo yangu.

Tatu ni wale wanaobaki. Mama yangu yuko hapa hapa Lupiro, na wengi wenu mnamjua. Nilimwomba twende wote. Akaniuliza, "Huko kwenye ukame nitalima nini, mwanangu? Na ndege wangu nimwachie nani?" Nikamwambia mpunga atakula wa kununua. Akacheka sana, kisha akanyamaza, nami nikajua ni hapana. Simlaumu. Bonde hili halikaukiwi, na Dodoma ni nchi ya mvua chache, ya mtama, uwele na zabibu. Mti mkubwa hauhamishwi, hunyauka.

Basi tumepanga hivi. Mke wangu na watoto watabaki Ifakara mpaka mkubwa amalize mtihani wa kidato cha pili mwezi Novemba; baada ya hapo ndipo mwalimu ataomba uhamisho. Mdogo wangu wa kike amekubali kuhamia kwa mama, na fedha ya matumizi yao itatoka kwangu kila tarehe ya mshahara, kabla sijalipa kodi ya nyumba. Likizo yangu nitaichukua wakati wa mavuno. Njia nayo si ile ya 2017. Daraja la Mto Kilombero lilizinduliwa mwaka 2018, barabara ya Kidatu imepata lami, na tangu Julai 2024 treni ya umeme inachukua abiria kutoka Morogoro hadi Dodoma. Hata hivyo, mama akiugua usiku, treni haitanifikisha kabla ya asubuhi. Hilo nimelijua, na ndilo linaloniuma. Nimelikubali macho wazi.

Vijana wangu, msitoke hapa mkisema mgeni rasmi ametuambia kazi bora iko mjini. La hasha. Taasisi ya Afya ya Ifakara ilianza kama maabara ndogo ya Waswisi, na mpaka leo watafiti kutoka mataifa mbalimbali wanakuja kuchunguza mbu katika vijiji vyetu, Lupiro kimojawapo. Kwa mtafiti wa malaria, jiji lake ni hapa. Kila kazi ina mahali pake. Ijue kwanza kazi yako, ndipo uutafute mji wake. Usiutangulize mji ukaja kuitafuta kazi barabarani.

Kwa hiyo, siku mtakapoitwa, ulizeni mambo manne. Kazi hiyo ni tofauti kweli, au ni ile ile katika meza nyingine? Baada ya kodi, chakula na nauli, kinabaki nini? Nani anabaki nyuma, na nani atamtazama, kwa jina, si kwa "ndugu wapo"? Na nitarudi lini? Asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo asubiri kidogo. Aliyejibu yote aende bila woga, hata kama wazee watanung'unika.

Na sisi tuliotangulia, Ndugu Mwenyekiti, tuna deni letu. Kijana akitoka hapa kwenda Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam, asikose mlango wa kugonga. Mimi naanza: kuanzia mwezi ujao, mwanafunzi wa shule hii akifika Dodoma kwa usaili au kwa masomo, kwangu kuna mkeka na sahani ya wali, hata kama mchele nimeununua.