Soko la Filamu Zetu ni Sisi

Msikilizaji, mwaka 2022 filamu ya Kitanzania ya Binti, iliyoongozwa na Seko Shamte, iliingia Netflix. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini Januari 2024 Amazon ilitangaza kuacha kugharamia kazi mpya za filamu na tamthilia barani Afrika. Tusitegemee majukwaa ya nje pekee: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kijana wa Mwigobero, Musoma, au wa Bunda mjini hutazama filamu kwenye simu, kwa bando la siku, na pesa yake iko kwenye simu hiyohiyo, si kwenye kadi ya benki. Huyo ndiye mteja wetu.

Watayarishaji, njooni mkoani Mara. Rekodini maisha ya wavuvi wa Ziwa Victoria na historia ya Mwitongo, Butiama, kisha muuze kwa bei anayoimudu kijana huyo.